Jino likioza Kwale: Tembe ziko karibu, kiti cha daktari kiko mbali

Simama nje ya duka lolote la dawa pale Ukunda baada ya Magharibi. Hutakaa sana kabla hujamwona mtu aliyeshika shavu. Aingia, asema "jino", na muuzaji hana haja ya kuuliza mengi. Afungiwa amoksilini, Flagyl na diklofenaki ya kukata maumivu, alipa, apanda bodaboda, aenda zake. Siku ya tatu amepoa, amerudi kazini hotelini au baharini. Baada ya mwezi au miwili yuko pale pale, na shavu ni lile lile.

Hili tumelizoea mpaka halituonekani kuwa ni habari. Habari kwetu ni mgomo wa madaktari, ni bima ya SHA, ni dawa kukosekana hospitali. Lakini ukitaka kujua kama mfumo wa afya wa Kaunti ya Kwale unamfikia raia wa kawaida, usianzie kwenye maradhi makubwa. Anzia kwenye jino. Hoja yangu leo ni kwamba mwenye jino bovu katika pwani yetu ya kusini hachagui tiba yake. Anachaguliwa na nauli, foleni na umbali, na kila mara anachaguliwa tembe.

Jino lenyewe limefanya nini?

Wazee wetu walisema jino laliwa na mdudu. Mpaka leo wako wanaofukiza mbegu za mtunguja na kuuelekeza moshi kinywani ili mdudu atoke. Mdudu yuko kweli, ila haonekani kwa macho. Ni bakteria wanaokula sukari iliyobaki mdomoni na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa ganda gumu la jino. Mwanzo kitundu hakiumi. Kikifika ndani zaidi, maji baridi na chai moto vyaanza kuchoma. Kikifika kwenye kiini, penye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu, hapo mtu halali usiku.

Kisha huja siku ya ajabu ambapo maumivu yakatika yenyewe. Wengi hushukuru wakadhani wamepona. Mara nyingi maana yake ni kwamba kiini kimekufa. Jino sasa ni nyumba tupu ambayo bakteria wamehamia, na kutoka ndani yake wanateremka hadi ncha ya mzizi na kutengeneza usaha ndani ya mfupa wa taya. Usaha ukikosa pa kutokea, shavu hufura.

Hapa ndipo tembe zinaposhindwa, na sababu yake ni nyepesi kuelewa. Dawa husafiri kwa damu. Jino lililokufa halina damu ndani yake, kwa hivyo dawa yaishia mlangoni. Yaweza kuwapunguza bakteria waliotoka nje na uvimbe ukashuka, lakini chimbuko limebaki palepale. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye afya njema anayeumwa na jino, ikiwa anaweza kumfikia daktari wa meno, kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Anachohitaji ni jino lenyewe lishughulikiwe: lifunguliwe na kusafishwa hadi mzizini, au ling'olewe. Antibiotiki huongezwa pale ambapo maradhi yameanza kusambaa, mtu ana homa, au mwili wake una udhaifu mwingine.

Hata karafuu tunayobana jinoni ina kazi yake. Mafuta yake hutuliza, na madaktari wa meno wenyewe wametumia kiini cha mafuta hayo kwa miaka mingi katika dawa za kuzibia jino kwa muda. Lakini karafuu, kama tembe, ni ya kukuvusha usiku. Asubuhi jino bado ni bovu.

Na tembe hizi zina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kila anayemeza antibiotiki bila sababu anawapa bakteria nafasi ya kuzoea. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maradhi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Amoksilini tunayoimaliza kwa meno ndiyo hiyo hiyo tutakayoihitaji mtoto akishikwa na kifua. Nayo diklofenaki ikimezwa ovyo huchubua tumbo, na mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu hujiongezea balaa.

Jino huua

Wako watakaosema, jino tu, latuliwa habari ndefu hivi? Naomba tukumbuke kisa kilichotokea Marekani, nchi tajiri kuliko zote. Februari 2007, katika jimbo la Maryland, mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Deamonte Driver alifariki baada ya bakteria kutoka jino lililooza kufika kwenye ubongo wake. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Familia ilikuwa imepoteza bima ya serikali, na hata kabla ya hapo kupata daktari wa meno aliyekubali bima hiyo kulikuwa kazi. Alipofikishwa hospitali alipasuliwa mara mbili, akalazwa wiki kadhaa, na gharama ikakadiriwa kufika dola 250,000. Kifo chake kiliwaamsha wanasiasa, na mwaka 2009 sheria ya bima ya watoto huko ikalazimisha huduma ya meno iwemo.

Ikiwa jambo hilo lilitokea mahali penye hospitali kila upande, basi sisi wa Vanga, Wasini na Kinango tusijidanganye. Maradhi ya jino la chini yaweza kuteremka chini ya ulimi na shingoni, yakaziba njia ya hewa. Jino la juu laweza kupeleka uvimbe hadi jichoni. Kwa hivyo dalili hizi zisisubiri asubuhi: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, jicho kufumba kwa uvimbe, mdomo kukataa kufunguka, taabu ya kumeza mate au kupumua, ulimi kuinuka, na homa yenye kutetemesha. Mtu huyo apelekwe hospitali usiku huo huo, na aende kitengo cha dharura. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Shavu linaloziba pumzi ni dharura.

Bima iko huku, kiti kiko kule

Sasa tuje kwenye siasa ya jambo hili. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu ziko chini ya kaunti. Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, kama mvuvi wa Shimoni au mama wa vitumbua wa Mwabungo, hupimwa uwezo wake kwa maswali, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali kwa kila aliyesajiliwa. Ukipanda hadi hospitali kubwa, mfuko wa michango ndio unaoulizwa.

Tazama jino limeangukia wapi. Zahanati ya kijijini, penye huduma ya bure, kwa kawaida haina kiti cha meno wala mtu wa kukikalia. Kiti kiko hospitali kubwa kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni, na huko mtu afika na maswali ya mchango, mbali na nauli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika kaunti hii, wametawanyika kutoka fukwe za Diani hadi Samburu na Mackinnon Road, na kutoka Tiwi hadi mpaka wa Lunga Lunga. Mtu wa Vanga akienda Msambweni kwa jino, siku nzima ya kazi imekwenda. Wa Wasini aanza na mashua. Wa Kasemeni aona heri ateremke Mombasa. Mtu huyo akiwaza tembe za duka lililo hatua kumi kutoka nyumbani kwake, nani atamlaumu?

Diani nako kuna kichekesho chake. Kwenye barabara ile ile ya hoteli kuna kliniki za kibinafsi ambazo mtalii aliyevunjika jino hupata huduma siku hiyo hiyo. Kijana anayemtandikia kitanda mtalii yule anabana karafuu.

Ongeza migomo. Wengi wetu husahau kwamba chama cha KMPDU ni cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kwa pamoja. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100. Ule wa 2024 ulichukua siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8. Sipingi haki ya madaktari kudai walichoahidiwa. Nasema tu kwamba mgomo ukianza, mzazi na majeruhi wa ajali hutafutiwa njia, lakini mwenye jino huambiwa arudi nyumbani. Na akirudi nyumbani, njia yake ni ile ile ya duka la dawa.

Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu mdogo, ambaye ana maradhi ya sukari, kwenye hospitali moja ya umma. Gego la chini lilikuwa limemfurisha taya. Tulifika saa moja asubuhi. Saa tano tukaambiwa kiti kimeharibika, turudi wiki ijayo, na akaandikiwa antibiotiki. Mwenye sukari hana wiki ya kusubiri usaha: maradhi ya kinywa humpandishia sukari, na sukari ikipanda maradhi nayo hupata nguvu. Tukavuka feri, tukaenda ng'ambo. Daktari wa huko alimpima sukari kwanza, akamuuliza dawa zote anazotumia, kisha akamtia ganzi, akaling'oa na kuutoa usaha. Sisi tulikuwa na nauli na pesa za kulipa. Foleni tuliyoiacha nyuma haikuwa nazo.

Kung'oa au kuliokoa?

Huu ndio uamuzi unaowasumbua wengi, na kwa desturi yetu jibu moja tu ndilo linalosikika: ng'oa. Lakini jino likiwa bado lina mwili wa kutosha juu ya ufizi, laweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi, ambayo wengi huiita ruti kanali. Daktari hulitoboa, akatoa kiini kilichooza, akasafisha mifereji ya mizizi, akaijaza na kuliziba. Bei yake ni mara kadhaa ya kung'oa, na mara nyingi yahitaji kurudi zaidi ya mara moja. Gego mara nyingi huhitaji pia kofia ya kulilinda lisipasuke, na hiyo ni bei nyingine.

Kung'oa ni rahisi siku ya kwanza, lakini pengo nalo lina bili yake. Meno ya jirani hulala upande wa pengo, la juu huteremka, kutafuna huhamia upande mmoja. Kwa hivyo mtu aulize maswali manne kabla ya kufungua mdomo. Jino lililobaki latosha kuzibwa? Ni jino gani, la mbele, gego ninalotafunia, au gego la mwisho? Naweza kulipa hadi mwisho na kurudi siku nitakazoambiwa? Na, pale dirishani, bima yangu italipa nini kati ya haya? Usidhani, uliza. Ruti kanali iliyoachwa nusu ni pesa iliyotupwa na maradhi yaliyobaki. Kwa mtu asiyeweza kurudi, kung'oa mapema na kwa usafi ni uamuzi wa busara, wala hauna aibu.

Jambo moja halina mjadala: usimpe mdomo wako fundi wa mtaani. Koleo lisilochemshwa vizuri laweza kukupa homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na ni haki yako kuuliza leseni iko wapi.

Kuna pia wanaoahirisha kwa sababu ya saumu. Masheikh wengi wamefafanua kwamba sindano ya ganzi na kung'oa jino havifunguzi, mradi mtu asimeze damu wala dawa kwa kusudi. Na mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, na imeutukuza msuaki kabla ya kiwanda chochote cha dawa ya meno kuwapo. Muulize sheikh wako, lakini usilifanye jino lenye usaha kuwa sehemu ya ibada.

Njia ya nafuu ilizaliwa jirani zetu

Wakuu wa afya hupenda kusema kwamba kiti cha meno ni ghali, chataka umeme, maji na mashine. Ni kweli. Lakini katikati ya miaka ya 1980, hapo Tanzania, kwenye chuo cha meno cha Dar es Salaam, kulijaribiwa njia ya kusafisha kitundu cha jino kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, kisha kukiziba kwa saruji maalumu inayoshika na kutoa floridi. Hakuhitajiki umeme, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipotengwa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa nchi zote. Leo inafundishwa duniani kote. Chini ya mwembe wa Kinango yaweza kufanyika.

Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floridi, saruji ile ya kuzibia, na kimiminika cha fedha na floridi ambacho kikipakwa kitunduni husimamisha uozo. Hulitia jino weusi, lakini kwa mtoto wa chekechea mwenye magego ya utotoni, weusi ni bora kuliko kilio cha usiku. Mpango wa dunia unaoishia mwaka 2030 wataka asilimia 80 ya watu wawe na haki ya kupata huduma za msingi za kinywa. Watu karibu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, kwa hivyo hatuko peke yetu, ila wenzetu wameanza kuhesabu.

Wahudumu nao wapo. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, hutoa stashahada kwa maafisa wa afya ya kinywa wa jamii. Hawa huweza kuziba, kusafisha, kung'oa jino lisilo na matatizo, kwenda shule kwa shule, na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa Msambweni au ng'ambo kabla hajafura shingo. Kaunti haihitaji daktari bingwa katika kila kijiji. Inahitaji afisa mmoja, sanduku la vyombo na chombo cha kuvichemshia katika vituo vya afya, ianzie kule mbali, Lunga Lunga na Kinango, kabla ya kuongeza kiti kingine mjini.

Tena kuna upande wetu wenyewe, wazazi. Mabuyu ya rangi, soda ya kila siku, kashata na chai yenye vijiko vinne vya sukari ni ladha za kwetu, sikatazi. Lakini mtoto anayemung'unya mabuyu kutwa nzima hajipi mdomo nafasi ya kupumzika. Vijana wa muguka wanaotafuna na bigijii na soda hadi usiku wa manane ndio hao hao tutakaowaona wakishika mashavu wakiwa na miaka 25. Tamu ikiliwa pamoja na chakula, kisha mtoto akapiga mswaki kwa dawa yenye floridi kabla ya kulala, vitundu vingi havianzi.

Kila mwaka makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na hupitishwa kabla ya Julai kuanza. Kabla ya hapo sheria yalazimisha wananchi wasikilizwe. Huwa twaenda kwenye vikao hivyo tukaomba barabara, maji na karo, na ni sawa. Safari hii naomba kila wadi iende na swali moja la ziada kwa mwakilishi wake na kwa maafisa wa Gavana Fatuma Achani: maafisa wa afya ya kinywa ni wangapi katika kaunti yetu, wako vituo gani, na bajeti hii itaongeza wangapi? Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mwakani tutarudi nalo mkononi, tukaanze kuhesabu kituo kwa kituo.